Masihi wa kuumeni, Masihi wa kukeni: nyumba yenye dini mbili ianze kusoma nasaba ipi?

Dada yangu aliolewa Pumwani, katika nyumba ya Waislamu. Mimi nilibaki Mkristo. Jumapili jioni huwa napitia kwao kunywa chai, na kwa miaka kadhaa sasa tumezoea kusoma pamoja: kipande cha Biblia, kipande cha Qurani, kisha mazungumzo mpaka adhana ya isha. Swali lililotushika muda mrefu kuliko yote lililetwa na mpwa wangu aliye kidato cha tatu: Masihi ni wa ukoo gani? Tukajikuta na maandiko matano mezani, kila moja likijibu kivyake, tusijue tuanze na lipi.

Nyumba kama hiyo ziko nyingi Nairobi. Mama yuko jumuiya ndogo ndogo, baba yuko msikitini, na watoto wanasikia Masihi akitajwa pande zote mbili. Kwa hao ndio naandika. Nitayaweka maandiko kando kwa kando, niseme lipi linafaa swali lipi, na mwisho nitataja ningeanza na lipi mimi mwenyewe.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayorahisisha kazi hii: kuumeni, yaani upande wa baba, na kukeni, upande wa mama. Wayahudi wanamngojea Masihi wa kuumeni. Waislamu wanamjua Masihi kwa kukeni peke yake. Wakristo wameshika pande zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana nasaba zao ndizo zenye mafundo mengi zaidi ya kufungua.

Nyumba ya Daudi

Mizizi ya habari yote iko katika 2 Samweli 7. Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba. Nabii Nathani anarudi na jibu lililogeuzwa: Mungu ndiye atakayemjengea Daudi nyumba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo hapa, maana kwetu pia "nyumba" ni kuta na paa, na ni watu wa tumbo moja na uzao wao. Kiebrania kinafanya vivyo hivyo, na ahadi yote imesimama juu ya neno hilo moja. Kutoka hapo Isaya 11 inasema, "litatoka chipukizi katika shina la Yese," na Yeremia 23 inaahidi chipukizi la haki kwa Daudi. Myahudi mshika dini huomba mara tatu kila siku ya kazi kwamba chipukizi hilo la Daudi lichanue. Sinagogi ya Nairobi iko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Wengi wetu tunaipita ndani ya matatu bila kujua kwamba hiyo ni nyumba ya watu ambao swali letu kwao bado halijafungwa.

Maimonides, mwanazuoni aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, aliyaweka masharti bayana. Masihi ni mfalme wa nyumba ya Daudi, anashika Torati, anapigana vita vya Mungu, anajenga Hekalu na kuwakusanya Waisraeli waliotawanyika. Miujiza hakuidai. Kwa hiyo nasaba ni sharti la kuingilia tu. Kazi ndiyo inayothibitisha. Hilo lilikuwa limekwisha kuonekana zamani, katika vita dhidi ya Roma vya mwaka 132 hadi 135, pale Rabi Akiva alipomwita jemadari Bar Kokhba Mfalme Masihi. Rabi mwenzake, Yohanan ben Torta, akamjibu kwamba majani yataota mashavuni mwa Akiva na mwana wa Daudi atakuwa bado hajaja. Vita vilishindwa, na dai likafa pamoja navyo.

Sasa jambo ambalo Wakristo wengi hatufundishwi. Kwa sheria ya Kiyahudi, Uyahudi wa mtu hutoka kwa mama, lakini kabila hutoka kwa baba. Kitabu cha Hesabu kinawaandika watu kwa nyumba za baba zao. Mtu aliyelelewa na Mlawi hawi Mlawi kwa malezi hayo. Aliyewahi kupeleka barua ya chifu mahakamani kwa ajili ya mirathi ataelewa mara moja uzito wa jambo hili: mapenzi ya mlezi ni kitu kimoja, na jina kwenye orodha ya warithi ni kitu kingine. Hivyo Myahudi akisoma Mathayo anauliza swali la mirathi. Ikiwa Yusufu hakumzaa Yesu, kiti cha Daudi kilimfikiaje?

Hata hivyo ukoo wenyewe wa Daudi haukuwa safi kama uzi mweupe. Kitabu cha Ruthu kinamalizika kwa vizazi kumi, kuanzia Peresi hadi Daudi, na katikati yake yumo Boazi aliyemwoa Ruthu, mwanamke wa Moabu. Kumbukumbu la Torati 23 inamzuia Mmoabi asiingie katika kusanyiko la Bwana. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba Doegi, mtumishi wa mfalme Sauli, alitaka Daudi akataliwe kwa sababu ya nyanya huyo, na jibu lililoshinda likawa kwamba katazo ni la Mmoabi mwanamume, si mwanamke. Yaani ukoo wa kuumeni ulio maarufu kuliko zote uliokolewa na hukumu juu ya kukeni.

Wala hawakuwa na jibu moja nyakati zote. Hati za Qumran, zilizoanza kupatikana mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi, zinataja Masihi wa Haruni na wa Israeli, mmoja wa ukuhani na mwingine wa ufalme. Talmudi nayo inamjua Masihi mwana wa Yusufu, atakayeuawa kabla ya yule mwana wa Daudi kusimama. (Yusufu huyo ni mwana wa Yakobo aliyeuzwa Misri, si seremala wa Nazareti.)

Maharagwe kwenye ungo

Mathayo anafungua hivi: "Kitabu cha ukoo wa Yesu Kristo, mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu." Kisha anashuka jina kwa jina, na anatuambia kwamba vizazi ni mafungu matatu ya kumi na vinne. Jioni ile dada yangu alikuwa anachambua maharagwe. Mpwa wangu akauvuta ungo, akaanza kupanga punje moja kwa kila jina nililomsomea. Mstari wa kwanza, Ibrahimu hadi Daudi: 14. Wa pili, Sulemani hadi Yekonia: 14. Wa tatu, Shealtieli hadi Yesu. Akahesabu kwa kidole, akarudia.

"Mjomba, ya tatu imepungua moja."

Ilikuwa 13 kweli. Tulihesabu mara tatu. Wafasiri wengine humhesabu Yekonia mara mbili, wengine Daudi, ili mafungu yatimie. Lakini ungo ulitufundisha kwamba Mathayo hakuwa karani wa vizazi. Kati ya Yoramu na Uzia ameruka wafalme watatu ambao vitabu vya Wafalme na Nyakati vinawataja: Ahazia, Yoashi na Amazia. Alitaka 14, na sababu inayotolewa sana ni kwamba herufi za jina Daudi kwa Kiebrania, zikihesabiwa kama tarakimu, ni nne, sita na nne. Ukijumlisha unapata 14. Orodha nzima inapiga ngoma ya jina moja.

Tena tazama wanawake. Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria. Katika orodha inayokwenda "akamzaa, akamzaa," hawa wanne wanaingia, na kila mmoja ana kisa ambacho familia nyingi zingekinyamazia. Tamari alijifunika akakaa njiani ili apate mtoto kwa mkwewe Yuda. Rahabu wa Yeriko alikuwa kahaba. Mke wa Uria hata jina lake hatajwi. Anatajwa mume aliyedhulumiwa, na lawama inabaki pale pale kwa Daudi. Nadhani Mathayo anamtayarisha msomaji kwa wa tano. Akifika kwa Yusufu, ile "akamzaa" inakatika. Hasemi Yusufu akamzaa Yesu. Anasema Yusufu mumewe Mariamu, aliyemzaa Yesu. Vizazi arobaini vya kuumeni vimetembea, na hatua ya mwisho ni ya kukeni.

Luka anaanza upande wa pili. Anamtaja Yesu "akidhaniwa kuwa ni mwana wa Yusufu," kisha anapanda kinyumenyume mpaka kwa Adamu, "wa Mungu." Njiani anaachana na Mathayo mapema sana. Mathayo anapitia kwa Sulemani, Luka kwa Nathani, mwana mwingine wa Daudi. Kuanzia Daudi mpaka Yesu, Mathayo ana majina 28, Luka 43. Wanakutana kwa Shealtieli na Zerubabeli, kisha wanaachana tena, hata baba yake Yusufu ni Yakobo kwa huyu na Eli kwa yule.

Julius Africanus, Mkristo wa karne ya 3, alitoa suluhisho ambalo Eusebius, mwanahistoria wa kanisa, ametuhifadhia, na nikilisimulia Nairobi watu hutikisa kichwa kwa kuelewa. Anasema mwanamke mmoja aliolewa na mtu wa uzao wa Sulemani akamzalia Yakobo; mume akafa; akaolewa na mtu wa uzao wa Nathani akamzalia Eli. Yakobo na Eli wakawa ndugu wa mama mmoja. Eli akafa bila mtoto, Yakobo akamchukua mjane wake kama Kumbukumbu la Torati 25 inavyoagiza, akamzaa Yusufu. Kwa damu Yusufu ni wa Yakobo, kwa sheria ni wa Eli. Yeyote aliyetoka katika jamii ambamo ndugu humrithi mjane, na mtoto huitwa wa marehemu, hahitaji kushawishiwa kwamba mtu anaweza kuwa na baba wawili katika orodha mbili na zote mbili zikawa za kweli.

Wengine, nao ni wengi makanisani kwetu, husema Luka ametoa ukoo wa Mariamu. Linavutia, kwa kuwa linampa Yesu damu ya Daudi kwa kukeni. Ila Luka mwenyewe hamtaji Mariamu katika orodha hiyo. Anachosema kuhusu jamaa zake kiko sura ya kwanza: Elisabeti, ndugu yake, ni wa uzao wa Haruni. Kitabu cha kale kilicho nje ya Biblia, kinachonasibishwa na Yakobo, ndicho kinachomtaja Mariamu kuwa wa nyumba ya Daudi na kuwapa wazazi wake majina Yoakimu na Anna.

Kuna fundo lingine kwa Yekonia, mfalme wa Yuda aliyepelekwa uhamishoni Babeli. Yeremia 22 inatangaza kwamba hakuna mtu wa uzao wake atakayefanikiwa kukaa katika kiti cha Daudi, na Mathayo amempitisha Yesu humo humo. Wanaobishana na Wakristo hulitumia sana hili. Haki inanidai niongeze kwamba marabi wenyewe walisema uhamisho ulimfutia Yekonia laana, na Hagai 2 inamwita Zerubabeli, mjukuu wake, pete ya muhuri ya Mungu. Kwa hiyo hoja hiyo haina makali inayodhaniwa kuwa nayo. Ile ya kwanza, ya baba na kabila, ndiyo nzito, na jibu la Kikristo kwake ni kwamba Yusufu alimpa mtoto jina, na kumpa jina ni kumkiri kuwa wake.

Nadhiri ya mke wa Imran

Mama mkwe wa dada yangu hakushangazwa na maharagwe. Alituambia tufungue Qurani, sura ya Aal Imran, aya ya 33, na akaanza kutusimulia kabla hatujaipata.

Aya inataja walioteuliwa: Adam, Nuh, ukoo wa Ibrahim na ukoo wa Imran. Kisha orodha inakoma, na anasimama mwanamke mjamzito. Mke wa Imran anamwekea Mungu nadhiri ya kilichomo tumboni mwake. Mapokeo yanamwita Hanna, jina lile lile la Anna. Anajifungua, anaona ni msichana, anasema, Mola wangu, nimemzaa mwanamke. Anamwita Maryam na kumwombea kinga yeye na kizazi chake. Zakaria anamlea, na kila akiingia mihrabuni anamkuta ana riziki. Watu wanatupa kalamu zao kupiga kura nani amlee. Kisha malaika wanamletea habari ya neno litokalo kwa Mungu, ambaye jina lake ni Masihi, Isa mwana wa Maryam.

Jina lake ndilo nasaba yake. Waarabu wa wakati ule walimwita mtu kwa baba yake; kumwita mtu mzima kwa mama yake mara kwa mara, kitabu kizima, ni kauli nzito. Hakuna Yusufu katika masimulizi haya, wala kiti cha enzi kinachodaiwa. Wafasiri kama Ibn Kathir wanaufikisha ukoo wa Imran hadi kwa Sulaiman bin Daud, lakini hilo liko katika tafsiri. Qurani yenyewe haikujenga hoja juu yake.

Linaloulizwa sana na Wakristo ni Sura ya Maryam, aya ya 28, ambako watu wake wanamwita "dada wa Harun." Baba yake Musa na Haruni katika Biblia ni Amramu, na kwa Kiarabu ni Imran, ndipo wengine husema majina yamechanganywa. Swali hili si geni. Katika Sahihi Muslim, Mughira bin Shu'ba anaeleza kwamba Wakristo wa Najran walimuuliza jambo hilo hilo, naye akampelekea Mtume, aliyejibu kwamba watu wale walikuwa wakiita watoto majina ya manabii na wema waliowatangulia. Sisi tunaowapa watoto majina ya babu zao tunaijua desturi hiyo vizuri.

Aya nilizozipenda zaidi ni za sura ya Al-An'am, 84 na 85, zinazotaja kizazi cha manabii, na ndani yake Daud, Sulaiman, na Isa. Inasimuliwa kwamba Hajjaj bin Yusuf, gavana wa Iraki, alimwita mwanazuoni Yahya bin Ya'mar amthibitishie kwa Qurani kwamba Hasan na Husein ni kizazi cha Mtume, ilhali wao ni wana wa binti yake. Yahya akamsomea aya hizo, akamuuliza: Isa hakuhesabiwa humo, naye hana baba? Hajjaj akakubali. Mwambao wote wa kwetu, ambako masharifu wa Lamu hutunza shajara zao, yaani orodha za nasaba, mpaka kwa Fatima, binti wa Mtume, umesimama juu ya hoja hiyo ya kukeni.

Nasaba hiyo ndiyo pia ya Mahdi, kiongozi anayetarajiwa kuja mwisho wa zama, ambaye wengi humchanganya na Masihi. Hadithi iliyo kwa Abu Dawud inasema Mahdi ni wa watoto wa Fatima. Masunni wengi humtarajia kwa kizazi cha Hasan. Mashia wa Maimamu Kumi na Wawili wanasema ni wa tisa kutoka kwa Husein, Muhammad bin Hasan al-Askari, aliyeghibu, yaani aliyefichika machoni pa watu, mwaka 260 Hijria, na mapokeo yao yanamfikisha mama yake, Narjis, kwa Sham'un mwanafunzi wa Isa. Mahdi na Isa ni wawili, na Isa anatarajiwa kurudi akiwa yule yule mwana wa Maryam.

Basi mchague lipi?

Kama swali lenu ni kwa nini Wayahudi hawakumpokea Yesu, msianze na Injili. Someni 2 Samweli 7 na Yeremia 23, mjiulize mfalme huyo anatakiwa afanye nini, kabla ya kuuliza alizaliwa na nani.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa dini ya Kikristo achukue Mathayo, na achukue na kalamu. Luka 3 aiache baadaye; bila kujua habari ya kumrithi mjane itamvuruga bure.

Lakini kwa nyumba yenye dini mbili, ambako kuna nyanya na mjukuu na mgeni mmoja wa Jumapili, ningeziacha orodha kwanza. Ningefungua Aal Imran 33 hadi 47 na Luka sura ya kwanza, jioni moja. Zote mbili zina Zakaria mzee, mtoto asiyetarajiwa, malaika, na binti anayeuliza itakuwaje. Hakuna anayeketi kujitetea. Jioni ya pili someni Ruthu 4, mistari ya mwisho. Mathayo aje wa tatu, mkiwa mmeshawazoea wanawake wake.

Na mkifika Luka 3, msikatishwe tamaa na majina. Nendeni mpaka jina la mwisho la mwanadamu, Adamu, kisha mrudi Aal Imran, aya ya 59: mfano wa Isa mbele ya Mwenyezi Mungu ni kama wa Adam. Luka amempandisha Yesu mpaka kwa Adamu ili aseme ni wa wanadamu wote, na ni Mwana. Qurani imemtaja Adam ili iseme kwamba kukosa baba hakumfanyi mtu kuwa mwana wa Mungu. Mashahidi wawili wamemwita mtu mmoja, kila mmoja kwa kesi yake. Sisi tulikaa hapo Jumapili tatu.

Kwa tafsiri, sisi hutumia Biblia ya Union Version, na Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, ambayo maelezo yake ya chini yanasaidia. Wekeni karatasi ya majina pembeni, kwa kuwa mtoto hawezi kujua peke yake kwamba Amramu ni Imran na Yohana Mbatizaji ni Yahya. Ya kwetu mpwa wangu ameiandika kwa safu mbili, ya kuumeni kwa wino wa buluu na ya kukeni kwa wino mwekundu. Jina la Maryam ameliandika kwa wino zote mbili.